Afande wa Kwanza wa Sorrel Wells

Sorrel Wells ilikuwa na wiki chache tu tangu iitwe mji, pale Dwight Purcell alipoingia dukani na chuma cha kufungulia tairi mkononi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, saluni kwangu, nampaka Bi Earlene rangi ya nywele. Tukasikia kioo kinapasuka, halafu sauti ya mwanamume inamtukana Rosalba matusi ambayo sitayarudia.

Rosalba Ontiveros ndiye aliyekuwa akiuza kwenye duka hilo, la pekee tulilonalo. Dwight alikuwa mume wake. Walishaachana mahakamani, ila yeye Dwight alikuwa hajakubali. Rosalba alipomwona mlangoni alikimbilia chumba cha baridi kule nyuma, wanakoweka nyama na maziwa, akajifungia. Humo ndani akapiga simu ya dharura. Wakamwambia afande yuko njiani.

Njiani kweli alikuwa, ila alikuwa anatokea upande wa pili wa kaunti, ambako lori la ng'ombe lilikuwa limepinduka.

Aliyefika kwanza ni meya wetu, Maurine Tidwell. Kwa miaka mingi Maurine alifundisha wasichana mpira wa kikapu kwenye shule ya sekondari ya kaunti, na mpaka leo nusu ya mji tunamwita Kocha. Nyonga yake moja ni mbovu, anachechemea. Siku hiyo alivuka barabara kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwake, akaingia dukani mikono mitupu. Mimi nilimfuata hadi mlangoni, nikabaki hapo.

Dwight alikuwa anaupiga mlango wa chumba cha baridi kwa kile chuma.

"Dwight Purcell! Weka hicho kitu chini."

"Toka hapa, Kocha. Hayakuhusu."

"Yananihusu. Dada yako nilimfundisha mimi. Mama yako nilikaa naye jukwaani kila Ijumaa. Nikampigie simu sasa hivi nimwambie nini?"

"Mwambie mke wangu kanidharau!"

"Si mke wako tena. Geuka unitazame. Mimi, siyo mlango."

Akageuka. Maurine akaendelea kuongea naye, kuhusu mama yake, kuhusu gari lake bovu, kuhusu mechi ya zamani ambayo dada mtu alifunga kikapu cha mwisho. Kila Dwight alipoanza kuuelekea mlango tena, Maurine alimwita jina lake kamili, kama anavyoita mchezaji aliyezembea. Waliongea hivyo kwa muda mrefu sana. King'ora kiliposikika, Dwight alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, analia, na chuma bado kakishika.

Tulipoufungua mlango, Rosalba midomo ilikuwa imegeuka ya kijivu. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye simu, ikabidi nivikunjue kimoja kimoja.

Afande aliyekuja, naibu wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu. "Samahani, mama," alimwambia Maurine. "Zamu hii tuko watatu, kaunti nzima."

"Sikulaumu, mwanangu. Ukimaliza kazi ukalale."

Lakini walipoondoka na Dwight, Maurine alibaki amesimama juu ya vioo vilivyovunjika. "Nelda," akaniambia, "tumejiita mji. Mji gani huu?"

Niseme ukweli, hatukuwa mji kwa ajili ya polisi. Kuna kampuni ilitaka kuchimba kokoto kwenye kilima kilicho juu ya visima vyetu, na kwa sheria za Texas, kijiji kisicho na baraza hakina cha kusema. Ndipo tukapiga kura tuwe mji, tukachagua meya na madiwani watano, mimi nikiwa mmoja wao. Tuliahidiana tutaizuia kampuni, tutaziba mashimo barabarani, na kodi haitapanda. Polisi hakuwamo kwenye mazungumzo hata mara moja.

Maurine aliitisha kikao. Tulikutana kwenye gereji ya wazimamoto wa kujitolea, gari lao tukalitoa nje. Watu walijaa mpaka mlangoni, wengine na viti vyao vya kukunja.

Wa kwanza kusimama alikuwa mkuu wa polisi wa Burdick, mji jirani. Alivaa vizuri na tabasamu lake lilikuwa zuri vilevile. "Sisi tutawalinda bure kabisa," akasema. "Mtuachie tu ile barabara kuu inayopita kwenu. Faini za mwendo kasi zitakuwa zetu."

Watu wakapiga makofi. Bure ni neno tamu.

"Nina swali," Maurine akasema. "Rosalba akipiga simu, afande wako atakuwa wapi?"

"Atakuwa hapo hapo karibu, mama."

"Karibu wapi? Si atakuwa kajificha nyuma ya bango, anavizia madereva wa Dallas? Gari likipita kasi mbele yake, na Rosalba naye anapiga simu, ataanza na lipi?"

Yule bwana akaishika kofia yake, akaigeuzageuza. "Tutajitahidi kwa yote mawili."

"Asante. Keti."

Akainuka Doyle Sikes. Doyle ni diwani mwenzangu, na ni mdogo wake Maurine, baba mmoja mama mmoja. Ananunua na kuuza ng'ombe, na hapa kwetu hakuna anayependwa kumshinda. Ukiwa na harusi, Doyle ndiye atakayekuja na tanuri lake la moshi akuchomee nyama tangu alfajiri, na hatachukua hata senti.

"Dada, mbona tunahangaika?" akasema. "Wanaume tupo, bunduki tunazo, tunajuana wote. Tugawane zamu, basi."

"Kujuana ndiyo shida yenyewe. Doyle, ukimkuta Garland hapo kalewa, yuko nyuma ya usukani, utamfanya nini?"

"Nitamwendesha nyumbani kwake, nimvue viatu!"

Watu wakacheka. Garland Stopes, diwani mwingine, alicheka kuliko wote.

"Na ukimkuta kaka yake Rosalba, Mmeksiko, kalewa hivyo hivyo?"

Kicheko kikakatika. Doyle akaketi.

Mwisho akasimama sherifu mwenyewe, Lyndell Crabb, mtu mnene asiyependa maneno mengi. "Naweza kuwapa naibu mmoja kwa mkataba," akasema. "Mshahara mtalipa nyie. Mafunzo na gari ni juu yangu. Ila nisiwadanganye, moto ukiwaka kwingine nitamwita."

"Basi tuandike kwamba haondoki mjini mpaka kuwe na mtu yuko hatarini kufa," Maurine akasema.

Sherifu alikuna shingo. "Unanibana, Kocha."

"Ndiyo kazi niliyopewa."

Kulikuwa na jambo moja tu. Mshahara huo ungetoka kwenye kodi yetu ya nyumba, ile ile tuliyoahidi haitapanda. Maurine hakutaka tulipitishe kimya kimya. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu mwenyewe, na nyonga yake hiyo. Mzee Cletus Maddox alimfungia mlango usoni. Maurine akaketi kwenye ngazi yake, kwenye jua, wala hakugonga tena. Mimi nilikuwa ndani ya gari namsubiri. Baada ya muda mlango ukafunguka, mzee akatoka na bilauri ya chai ya barafu.

"Nilikupigia kura ili kodi isipande," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu kwamba itapanda."

Mzee akamkabidhi bilauri. "Kunywa chai yako," akasema. "Utaniangukia hapa halafu iwe kesi."

Mkataba ulipita. Hata Doyle aliunyoshea mkono, akasema anafanya hivyo ili dada yake apate usingizi.

Naibu tuliyeletewa aliitwa Celestine Broussard, mwanamke mweusi, mrefu, mzaliwa wa Louisiana aliyewahi kuwa polisi mjini Beaumont. Siku zake za kwanza hakukamata mtu. Aligonga milango, akajitambulisha, akauliza nani anaishi peke yake, nani ana mbwa mkali, nani haongei Kiingereza. Kwangu saluni alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Bi Nelda, nywele zangu hizi unaziweza?"

"Kusema kweli siziwezi, afande."

"Haidhuru," akasema. "Nitakuwa nakuja kwa umbea tu."

Na akawa anakuja. Aliongea kidogo, alisikiliza sana. Mwezi haukuisha akawa anajua mambo ya mji huu kuliko mchungaji.

Dwight alitoka kwa dhamana, na amri ya mahakama kwamba asikanyage dukani. Akakanyaga. Rosalba alipoiona pikapu yake kwa mbali alipiga simu, na kabla Dwight hajazima injini Broussard alikuwa ameshasimama kando ya mlango wake. Sikumsikia akipaza sauti. Alimwambia maneno mawili matatu, Dwight akaweka mikono juu ya usukani, ikaisha hapo. Wiki ile watu walimpelekea afande mikate ya pekani, njugu za kwetu, mpaka akaomba tupumzike.

Basi ungedhani mapenzi hayo yangedumu.

Jumamosi moja ya Oktoba, watoto wa bendi ya shule walikuwa wanaosha magari kwenye uwanja wa kanisa, wanachangisha nauli ya safari yao. Doyle alikuwa anarudi kutoka mnada wa ng'ombe Burdick. Kule walikunywa, kama kawaida. Alipokata kona, trela lake likapanda ukingo wa barabara, likafagia meza na ndoo zote. Binti wa Mchungaji Weems alikuwa amechutama anasugua tairi. Aliruka. Trela lilipita pale pale alipokuwa.

Nilikuwepo, gari langu lilikuwa linaoshwa. Broussard alifika watoto bado wanapiga kelele.

"Bwana Doyle, shuka."

"Celestine, mama, si unanijua mimi?"

"Nakujua. Shuka."

Akampulizisha kipimo cha pombe, akakisoma, akatoa pingu. Doyle alimtazama kama mtu anayeona maji yanapanda mlima. Akaomba aitiwe dada yake. Maurine akaja na unga mikononi, alikuwa anapika.

"Dada, mwambie huyu."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba naenda nyumbani. Nitalala, yataisha."

"Doyle, yule mtoto ana miaka kumi na miwili."

"Lakini hajaumia!"

"Hajaumia kwa sababu aliruka." Kisha akamgeukia Broussard, akipangusa unga mikononi. "Afande, endelea na kazi yako."

Halafu akaenda nyumbani kwa Doyle, akachukua dawa zake za presha, akaendesha gari mwenyewe hadi jela ya kaunti ili ampelekee.

Mji ukagawanyika. Walioleta mikate ya pekani wakaanza kusema huyu afande si wa hapa, hana adabu, angeweza kumwendesha mzee wa watu nyumbani. Saluni yangu ilikuwa na makelele kila siku, na mke wa Doyle, ambaye ni binamu yangu na mteja wangu wa miaka yote, akaacha kuja.

Sherifu Crabb naye akapiga simu. Nilikuwa na Maurine kwenye kona ya gereji tuliyoiita ofisi ya meya, na aliiacha simu kwenye spika.

"Maurine, naona mambo yamechafuka huko. Naweza kukuletea mwingine. Kijana mpole, wa huku huku. Broussard nitampeleka doria ya ziwani, mshahara ule ule. Hakuna atakayeumia."

Nikiri, mimi niliona ni jambo la busara. Nilikuwa nimechoka.

"Lyndell," Maurine akasema, "ukimhamisha kwa sababu alimkamata ndugu yangu, huyo kijana wako atafika hapa siku ya kwanza akijua nani haguswi. Na kila mtu mjini atajua. Rosalba atajua. Dwight naye atajua."

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Niachie huyo huyo."

Garland Stopes ndiye aliyeleta hoja ya kuuvunja mkataba. Diwani mmoja alikuwa hospitali, amepasuliwa goti, kwa hiyo tulibaki wanne mezani: Doyle, Garland, Mchungaji Weems na mimi. Gereji ilifurika. Broussard alisimama nyuma kabisa, karibu na mabomba ya maji.

Doyle alizungumza kwa sauti ya chini, na hilo lilikuwa baya kuliko angepiga kelele. "Nilitiwa pingu mbele ya watoto ambao nimewachomea nyama tangu wanazaliwa," akasema. "Nilikosea, sibishi. Lakini jirani hamfanyii jirani hivyo."

Watu wakanong'ona kumuunga mkono. Ndipo Rosalba akainuka kutoka safu ya katikati. Alikuwa hajawahi kusema kitu kikaoni, na mikono yake ilikuwa imekamata mkoba.

"Mimi siongei sana," akasema. "Bwana Doyle ni mtu mwema kwangu. Lakini nilikaa kwenye ile baridi nikisikia chuma kinapiga mlango. Kama mnamwondoa afande, niambieni leo. Nihame mapema."

Akakaa. Doyle alikuwa anaitazama meza.

Tukapiga kura. Garland alitaka mkataba uvunjwe, Doyle naye. Mchungaji alitaka uendelee. Ikabaki mimi. Binamu yangu alikuwa safu ya mbele, ananitazama machoni. Niliunyosha mkono upande wa mchungaji, na nakwambia, ulikuwa mzito kama nimeshika ndoo ya mchanga. Kura zikafungana, na kwa sheria yetu zikifungana meya ndiye anayeamua.

Maurine alisimama, akaegemea meza upande wa nyonga nzuri.

"Doyle ni mdogo wangu," akasema. "Mama alipougua nilimbeba mgongoni kwenda naye shule. Kesho nitaamka bado ni dada yake, apende asipende. Lakini hapa nimekaa kwa ajili yenu wote. Afande anabaki."

Doyle akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Mkewe akamfuata.

Alikiri kosa mahakamani, akanyang'anywa leseni. Majira yote ya baridi mkewe ndiye aliyeendesha lori la ng'ombe, na aliliendesha vizuri kumshinda, jambo ambalo watu hawakuacha kumwambia Doyle. Doyle naye hakusema neno na dada yake. Sikukuu ya Shukrani, ambayo ndugu hula pamoja, kiti chake mezani kwa Maurine kilikaa kitupu. Kila Jumapili Maurine alipeleka sahani ya chakula, akaiweka barazani kwao, akaondoka. Binamu yangu, aliporudi saluni hatimaye, aliniambia Doyle hungoja gari la dada yake lipotee ndipo anaichukua. Anakula yote.

Maurine mwenyewe nilimwona akilia mara moja tu. Nilikuwa nimemuosha nywele, amelala nyuma kwenye beseni, taulo usoni. Mabega yakaanza kutikisika. Nilikuwa nimeshashika mashine ya kukaushia, nikaiweka chini.

"Usinikaushe bado," akasema chini ya taulo.

Nikaketi kando yake mpaka alipokuwa tayari.

Mchipuko ulipofika, mkataba wa sherifu ulikuwa unaelekea mwisho. Jimbo lilikuwa limetupa kibali cha kuwa na kikosi chetu wenyewe, kidogo tu: mkuu mmoja na askari mmoja. Maurine alimtaka Broussard awe mkuu, na Broussard alikuwa amekubali kumwacha sherifu akikubaliwa na baraza. Diwani aliyepasuliwa goti alisharudi, akasema wazi polisi wetu wenyewe ni gharama mno. Garland alikuwa palepale alipokuwa. Hesabu zilikuwa wawili kwa wawili tena, na Doyle hakuwa amehudhuria kikao tangu kura ile; asipokuja meya ataamua, akija akakataa tumeshindwa.

Jioni hiyo alikuja. Alikuja kwa miguu, kutoka shambani kwake hadi gerejini, viatu vimejaa vumbi. Aliketi mahali pake bila kumtazama dada yake. Zamu ya maswali ilipofika, akamgeukia Broussard.

"Ukinikuta tena vile?"

"Nitakukamata tena, Bwana Doyle."

"Na pingu?"

"Na pingu."

Doyle akafikiri. "Na akiwa huyu?" akasema, akimwonyesha meya kwa kidevu.

"Hata akiwa meya."

Mzee Cletus, kule nyuma, akapasuka kicheko. "Huyo mpeni kazi haraka, kabla Burdick hawajamsikia!"

Kura ikaitishwa. Mchungaji akanyosha mkono, nami nikanyosha. Doyle alikaa kidogo, anaukwangua udongo kwenye ukucha wa kidole gumba. Kisha mkono wake ukapanda, polepole, ukabaki juu mpaka Maurine alipouona vizuri.

Maurine aliinamia karatasi zake.

"Imepita," akasema. "Haya. Mtaro wa barabara ya kanisa. Nani ana la kusema kuhusu mtaro?"

Nusu ya gereji wakainua mikono kwa pamoja, na Doyle alikuwa wa kwanza kuanza kulalamika.